Shofa wa Kalemie

Mzee Cikuru wa mtaa wa Northland hakuwa na gari. Leseni hakuwa nayo, na usukani hakuwahi kuushika maishani mwake hata kwa mzaha. Lakini kila familia mpya ilipotua Columbus kutoka kambi ya wakimbizi, haikupita muda kabla ya mtu kumpigia simu. Mtoto ana homa, au kuna mgeni anashuka uwanja wa ndege, na Mzee, tumesikia wewe ndiye Shofa, tunakuomba usafiri. Cikuru alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zake zote, kisha akamwambia mwenye shida ashuke barabara ya Morse, asimame kwenye kibao cha basi, amngoje hapohapo. Halafu alivaa kofia yake ya sufu akaenda kumpandisha basi na kumfikisha anakokwenda. Kwa hiyo shofa asiye na gari aliwasafirisha watu wengi kuliko wenye magari, na wenye magari wanajijua, sina haja ya kuwataja.

Aliyewasahihisha wageni alikuwa mke wake, Nabintu. Mumewe si shofa wa gari, aliwaambia. Ni shofa wa treni, kule Kalemie, enzi za garimoshi lenyewe la mvuke. Hapo heshima ilipanda mara mbili. Katika kanisa lao, mtu aliyewahi kuendesha treni nzima milimani hakuachwa akae viti vya nyuma. Walimketisha mbele pamoja na wazee, na Cikuru alikaa pale Jumapili hadi Jumapili, mikono magotini, kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake.

Maana Cikuru hakuwahi kuendesha treni.

Tuelewane vizuri: hakudanganya. Kwenye reli waliyoiacha Wabelgiji, anayeendesha huitwa mashinisti. Shofa ni yule anayesimama nyuma yake na sepetu, akililisha tanuri makaa ya mawe ili maji yachemke na mvuke upatikane. Ni mpika moto, kwa lugha ya nyumbani. Lakini nje ya stesheni watu walikwisha kulichukua neno hilo wakampa dereva wa gari, na nani atabishana na mji mzima? Miaka mingi baadaye binti yake Agata alipojifunza Kiingereza huko Louisville, alilikuta neno lilelile limemtangulia, na huko nako limeshika usukani. Lugha mbili zilimtolea Cikuru ushahidi kwamba alikuwa dereva. Yeye mwenyewe alinyamaza.

Alizaliwa Walungu, kwenye baridi na migomba, akateremka Kalemie na mjomba wake akiwa kijana ambaye ndevu zilikuwa bado zinasitasita. Reli ya huko ilikuwa nyembamba na mabehewa yake madogo, na iliufuata mto Lukuga ikijipindapinda kati ya vilima kuelekea Nyunzu na Kabalo. Mjomba alikuwa mtu wa karakana, akamwingiza kazini. Walimpa sepetu, kofia na mashinisti wa kumfokea, jina lake Kabeya.

Kazi ile ilimtoa jasho hadi la utosini. Mlima ukianza, Kabeya alinyoosha kidole bila kugeuka, na maana ya kidole hicho ni kwamba moto umelegea. Cikuru alichota makaa, akafungua mlango wa tanuri, akatupa, akafunga, akachota tena. Cheche ziliruka zikamtoboa suruali magotini. Uso ulikuwa mweusi tititi, yakabaki meno tu. Na aliipenda kazi hiyo, tena aliipenda sana. Kichwa cha treni kilipopanda mlima kikihema, alijua kwamba pumzi ile imetoka mikononi mwake, na alijisikia mkubwa kuliko vilima vyenyewe. Kabeya hakuwa mtu mbaya, ila ule wenzo mrefu wa chuma unaofungulia mvuke ulikuwa wake peke yake. Aliyeugusa alipigwa kibao cha mkono. Cikuru alipigwa mara moja, ikamtosha.

Treni ilisimama Nyunzu kunywa maji, na hapo Nyunzu ndipo msichana mmoja aliyeitwa Nabintu alipouzia ndizi. Baba yake, Mzee Kataliko, alikuwa Mushi, kabila moja na akina Cikuru, seremala wa misheni, mtu mpole ila kwa jambo moja tu. Binti yake, alisema, haolewi na mtu wa makaa. Aliwaona wachimbaji wa makaa ya Lukuga walivyokohoa, akayatengeneza majeneza yao kwa mikono yake, na wajane wao wadogo aliwaona wakirudi kwa baba zao na watoto mgongoni. Jambo hilo lilikuwa limemkaa kooni, wala usingemlaumu.

Basi siku ya posa mjomba alisema hivi: kijana wetu ni shofa wa treni. Uso wa Mzee Kataliko ukakunjuka. Aliagiza pombe ya ndizi iongezwe. Akauliza kitu kikubwa namna ile mtu anakipindishaje bila usukani, na mjomba, ambaye alijua vizuri kabisa nani anashika nini kwenye treni ile, akajibu kwamba inahitaji akili nyingi. Cikuru alikuwa ameketi palepale anaviangalia viatu vyake. Alisema moyoni kwamba atalinyoosha jambo hili baada ya posa. Posa ikapita, akasema baada ya mahari. Mahari ikapita, akasema baada ya mtoto wa kwanza. Elisée akazaliwa, na wakati huo babu yake alikwisha kumtangazia kila mteja wa meza na viti kwamba mkwe wake anaendesha treni. Mzee Kataliko alikufa akijivuna hivyohivyo. Nabintu sokoni aliitwa Mama Shofa na aliitika kwa furaha. Sasa wewe, ungeanzia wapi?

Dizeli ilipokuja haikuwa na moto wa kulishwa. Mashinisti waliwekwa darasani wajifunze mashine mpya, na mashofa wakaambiwa warudi nyumbani. Nabintu aliwaambia majirani mumewe amechoka na safari. Cikuru akalima mihogo, akauza samaki wakavu, akazeeka kidogokidogo. Kisha vita vikaja, wakavuka ziwa kwenda Kigoma, wakaishi kambini Nyarugusu mpaka wajukuu wakaanza kuzaliwa huko. Columbus ikawapokea wakiwa wazee. Cikuru alipata kazi ya kupanga masanduku ghalani, akaifanya mpaka goti lilipogoma. Katika mahangaiko yote hayo walipoteza sufuria, picha za harusi na nyumba mbili. Jina la Shofa halikupotea, lilivuka nao bahari.

Mwaka 2015 watoto waliamua kuisherehekea ndoa ya wazazi wao. Elisée, aliyehamishia familia yake Cheektowaga na kufanya kazi ghalani karibu na uwanja wa ndege wa Buffalo, alipendekeza mbuzi na ukumbi. Agata alipendekeza treni. Alikuwa anawatunza wazee nyumba moja ya Louisville, na mzee mmoja kati yao alimwonyesha picha za reli nyembamba ya zamani, huko milimani West Virginia, ambayo wapenzi wa garimoshi walikataa ife. Bado wanawasha makaa, bado linapiga honi, linapandisha watu mlimani msimu wa majani kubadilika rangi. Agata alipiga simu akaeleza kwamba baba yake alikuwa shofa wa treni kama hiyo, Afrika. Wakamjibu kwamba aje haraka. Kabla ya safari ya abiria watamketisha kiti cha mashinisti, na kile kichwa cha treni atakiendesha mwenyewe kidogo, mbele ya stesheni, mkewe akiwa pembeni yake.

Cikuru alipoambiwa alisema goti linamuuma. Akaambiwa watambeba. Akasema huko milimani kuna baridi. Akanunuliwa koti. Alijaribu kusema Jumamosi hiyo kuna usafi wa kanisa, lakini mchungaji alikwisha kutangaza safari yenyewe madhabahuni na kanisa zima likapiga makofi. Nabintu alikuwa ameshona kitenge cha aina moja, gauni lake na shati la mumewe. Alikuwa anaimba jikoni. Maji yalikuwa yamemfika mzee shingoni.

Alichoogopa hakikuwa wazungu. Wazungu wangemwona babu aliyesahau kazi, basi. Watoto nao wangecheka, na kucheka kwao angekuvumilia. Alimwogopa Nabintu. Alimchukua kwa baba yake kwa neno lisilokuwa lake, akamwoa akiwa mtu wa makaa, yaani mtu ambaye baba wa watu alimkataza kwa mdomo wake mwenyewe, na mwanamke huyo amemfuata kwenye mihogo, ziwani, kambini na kwenye theluji akijivunia dereva ambaye hakuwahi kuwapo. Akijua leo, atasema nini? Na asipojua, Cikuru akaushika wenzo ule akatabasamu na mkewe akampigia makofi, basi atakuwa amemwiba mara ya pili. Usiku na mchana alilipindua jambo hili kichwani asipate upande wa kulishikia.

Walikutana hukohuko milimani mwezi wa Oktoba, Elisée akilalamika kwamba Pennsylvania haina mwisho, Agata akimwambia anyamaze kwa kuwa yeye Kentucky amepita na mvua. Milima ilikuwa myekundu na ya manjano kutoka bondeni hadi kileleni. Stesheni ilikuwa kibanda cha mbao. Na nje yake kimesimama kichwa cha treni, cheusi, kifupi, kinachotoa mvuke pembeni na kunuka makaa na mafuta ya moto.

Cikuru alisimama. Harufu ile ilimwingia mpaka tumboni. Alikuwa hajaisikia tangu ujanani, na kabla hajajiandaa machozi yalikwisha kumlenga. Watoto waliona wakatazamana kwa furaha, wakidhani wameelewa.

Mashinisti alikuwa mstaafu mwenye tumbo na ndevu nyeupe, Bwana Harlan. Shofa wake, nasema shofa kwa maana yake ya haki, alikuwa mama wa makamo aitwaye Brenda, mwenye masizi mashavuni na mikono ya mtu anayechapa kazi. Walimpandisha mzee kwa uangalifu, goti na yote, kisha wakampandisha Nabintu na kitenge chake, wakampa nafasi pembeni asichafuke. Agata alipanda ngazi ya mwisho akasimama hapo ili atafsiri. Elisée alibaki chini na simu yake anapiga video.

Bwana Harlan aliinuka akampisha kiti. Cikuru akaketi. Kiti kilikuwa upande uleule wa Kabeya, na dirisha lake lilikuwa na mto wa kuegemeza kiwiko, uleule kabisa. Nyuma ya bega lake tanuri lilikuwa linanguruma taratibu, na mwili wake wote ulitaka kugeuka kulitazama. Bwana Harlan akauchukua mkono wake, akauweka juu ya wenzo, akasema kitu.

Agata akatafsiri. "Bon, Papa, anasema treni ni yako. Vuta polepole."

Mkono haukuvuta. Ulikaa pale juu ya chuma, na Cikuru aliukazia macho kana kwamba anangoja kibao cha Kabeya. Sekunde chache tu, avute, treni isogee, watu washangilie, na jambo lote liishe na kufunikwa. Hakuna mtu chini ya jua angejua. Akageuza shingo akamtazama Nabintu, ambaye alikuwa amekunja mikono kifuani anangoja. Akautoa mkono.

Alianza kwa Kishi, lugha yao wawili, ambayo watoto waliielewa nusunusu. Alipofika katikati alijiona anajificha tena, akasimama, akaanza upya kwa Kiswahili ili wote wasikie.

"Mama Elisée, mi sikuendeshaka treni. Hata siku moja. Hii kiti ilikuwa ya Kabeya. Mi nilikuwaka kule nyuma, na sepetu, nilipikaka moto tu. Shofa ya treni ni ile. Nilikuwaka mutu ya makaa. Papa yako nilimuficha, na wewe nilikuficha."

Bwana Harlan alimtazama Agata amweleze, na Agata, ambaye ndiye aliyepiga simu na kusifia, akatafsiri kwa sauti ndogo. Elisée huko chini ndiye aliyeangua kicheko cha kwanza, kisha akakikata alipouona uso wa baba yake.

Bwana Harlan alisikiliza, akaitikia kwa kichwa mara mbili tatu kama mtu aliyeambiwa saa, akasogea kando. Brenda alimnyooshea mzee sepetu lake.

Ningependa kukwambia kwamba alilishika akatupa makaa kama zamani. Wapi! Mzee aliinuka, akapanua miguu, akachota, akageuka kwa madaha yote ya ujana, na makaa yakagonga ukingo wa mlango wa tanuri yakamwagika sakafuni, mengine juu ya kiatu cha Bwana Harlan. Sepetu la pili liliingia nusu. La tatu likaingia lote, moto ukapokea, ukanguruma, na joto likampiga usoni. Alikaa hapo ameegemea mpini, anahema, masizi yameanza kumchora kando ya pua. Shati la kitenge lilikuwa limekwisha kuharibika. Hakuthubutu kumwangalia mkewe.

Nabintu ndiye aliyemsogelea. Alilishika lile shati kifuani, akalitazama weusi wake, akaupangusa kwa kidole gumba, ukazidi kuenea.

"Papa Elisée," akasema, "nguo yako kule Kalemie, nani alikuwa anaifulaka?"

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyefua nguo za Cikuru.

Basi Nabintu akaeleza, bila haraka, treni inangoja na abiria wanachungulia. Suruali za mumewe zilitoboka magotini kila wiki, na mtu anayekaa kwenye kiti cheche hazimtoboi magoti. Lakini hata nguo hakuzihitaji. Aliuza ndizi stesheni ya Nyunzu tangu akiwa mdogo, treni zikinywa maji mbele ya macho yake. Alimwona mnene aliyekaa dirishani na kola safi, akamwona na mwembamba aliye nyuma yake, mweusi wa masizi, anayecheka peke yake na moto. Alimpenda huyo wa nyuma. Na kabla mjomba hajaleta posa, baba yake alikwisha kumwita akamuuliza kijana huyu anayemletea sabuni kila treni ikipita anafanya kazi gani.

"Nikamwambia, ni shofa," Nabintu alisema. "Nilijua vile atalisikia. Ni mi nilimuficha, si wewe. Mujomba yako alikuta njia nimeshafagia."

Agata alikuwa ameacha kutafsiri. Cikuru alishika ukingo wa dirisha. Miaka yote hiyo alijiona mwizi, kumbe yeye ndiye aliyeibwa, tena mchana kweupe, na msichana wa ndizi. Alimuuliza kwa nini hakumwambia. Nabintu akasema alidhani anafurahia jina, na mtu aliyefukuzwa kazi kwa ajili ya dizeli, unamnyang'anyaje na jina?

Mzee alicheka, halafu kicheko kikamgeukia kikawa kilio, na hakukificha. Ilibaki kitu kimoja kilichomtatiza. Akauliza polepole, karibu na sikio lake, kwa sababu moto ulikuwa umepamba na kelele imezidi. "Na haukuogopa? Papa yako alikuwa anajua mambo ya wale watu ya makaa."

"Niliogopa," Nabintu akasema. "Alikuwa anasemaka mutu ya makaa haipitishe myaka kumi. Mi nikakaa nikafikiri sana. Nikasema, hata kumi, na huyu, itanitosha."